Altaneta Inahama

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimedhalilika. Nilikuwa napanda mlima wa hospitali na baba mkwe, tukienda kupimwa macho yake. Gari ni lake mwenyewe, alituachia macho yalipoanza kuingia ukungu. Lilikohoa kwa gia ya kwanza. Shemeji, kaka wa mke wangu, akatupita na gari lake. Akapunga mkono! Mzee akauliza ni nani huyo. Nikasema pikipiki.

Sikubali. Turbo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu, ninayo; nimeipata kwenye gari bovu nyuma ya gereji ya jirani. Alhamisi saa mbili asubuhi mzee anatolewa mtoto wa jicho. Nafasi hiyo ameisubiri miezi minane. Tutaupanda mlima ule mbiombio, na Shemeji tutamwachia vumbi.

Jumapili, 5 Mei

Nimefungua boneti. Kikwazo ni kimoja tu: bomba la moshi la turbo linataka kupita palepale ilipokaa altaneta. Basi altaneta ihame! Kazi yake ni kuchaji betri. Huo ni umeme, na mimi ni fundi redio wa miaka kumi na tisa. Nimeishusha chini, upande wa pili wa injini. Jirani wa gereji kachungulia, kanishauri nirudishe kila kitu mahali pake mpaka Alhamisi ipite. Wivu.

Jumatatu, 6 Mei

Mkanda unaozungusha altaneta haufiki tena. Si neno. Nimechukua uzi mweupe kwenye kapu la cherehani la mke wangu, nikauzungusha njia yote, nikauvuta barabara, nikakata. Kipimo safi kabisa. Muuza spea akanipa mkanda wa urefu uleule. Mfupi! Nikaurudisha. Akapima uzi wangu upya, akanipa mwingine. Mfupi! Mikanda ya siku hizi haina maana, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba nisirudi tena bila gari lenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu ameuliza nani kachukua lastiki yake ya sketi za shule. Nimesema lastiki sijaiona. Nimeona uzi tu, mweupe, bapa, unaovutika kidogo. Akalifunika kapu lake la cherehani. Kisha akaniomba tumwite kaka yake ndiye ampeleke baba kesho, maana nafasi ikipotea ni miezi minane mingine. Nimekataa katakata. Mume gani huyo atakayekabidhi mkwewe kwa mtu anayepunga mkono?

Isitoshe, nimeshapata ufumbuzi. Kama mkanda hauifikii altaneta, altaneta itaufuata mkanda. Nimeisogeza mpaka imekaa bega kwa bega na bomba la moshi. Kati yao panapita vidole viwili. Panatosha. Nimezunguka mtaa mara moja na turbo inapiga mluzi! Majirani wametoka nje kutazama.

Alhamisi, 9 Mei

Nusu ya kwanza ya mlima tuliruka. Hilo liandikwe.

Kisha harufu. Kisha taa nyekundu ya betri. Mzee haoni hata dashibodi, lakini alinusa mara moja akasema altaneta inaungua. Nyaya zote, niliona baadaye, zilikuwa zimeyeyuka. Gari likazima. Saa mbili kasoro dakika kumi.

Niliona aibu, nakiri. Boneti ikanishinda kufungua. Mzee hakunigombeza. Alishuka mwenyewe, akaanza kupapasa ukingo wa barabara kwa fimbo yake, akipanda.

"Mwanangu," akasema, "gari hili sikukupa ulikimbize. Nilikupa linifikishe."

Hapo hapo akatokea Shemeji. Kumbe mke wangu alikuwa amemwambia atufuate tangu nyumbani. Akampakia mzee, wakafika saa mbili na dakika mbili, akapokewa. Kisha akarudi na kamba kunivuta. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Bandeji ilitolewa juzi. Mzee anaona! Leo amekuja kwetu, kamtazama binti yake usoni, akalia. Nami nikalia. Halafu akaomba afunguliwe boneti.

Alitazama muda mrefu sana. Akaifunga taratibu, akaomba funguo, akampa binti yake. Nimemwelewa: anataka nifanye kazi bila kusumbuliwa na safari ndogondogo.

Nimeyatafakari maneno yake ya mlimani. Amesema kweli, gari lazima lifike. Jicho la pili linafanyiwa baada ya wiki tatu, na safari hii litafika, tena mapema. Kosa langu lilikuwa moja tu: altaneta ilikaa karibu mno na joto. Na mbali kabisa na joto ni wapi? Kwenye buti! Mkanda utapita chini ya viti. Funguo sizihitaji, mlango wa kushoto haujafunga miaka mingi.

Mke wangu ameenda kumsindikiza baba yake. Kapu la cherehani liko mezani, na ndani yake kuna roli nzima ya ule uzi mweupe.