Mgawa Nyama Aenda Mombasa

Jumatatu, 1 Agosti 1938

Nimepanda gari la moshi hapa Same. Siendi kustarehe. Shemeji yangu Eliezeri, aliyemwoa dada yangu, na ambaye zamani alichukua mizigo bandarini, amewaambia watu wote wa kijiji chetu cha Mamba kwamba Mombasa wanaume sita hula sinia moja, na nyama haina mgawaji. Nikasema ni uongo. Nyama bila mgawaji ni vita. Miaka kumi na tisa nimegawa nyama za sherehe zetu, kidari kwa mjomba, shingo kwa shemeji, na hajalalamika mtu ila shemeji. Mzee Asheri, mkuu wa baraza, ameamua: atakayeonekana mwongo hatashika kisu. Zipora, mke wangu, alinifungia makande, akaniuliza, Baba Aminieli, ungenyamaza ungepungukiwa nini? Wanawake hawajui kanuni.

Jumatano, 3 Agosti

Mombasa. Nimepanga chumba Mji wa Kale, kwa mjane aitwaye Bi Mwanaidi. Asubuhi nilikwenda kuitazama ngome ya Wareno. Nikamwambia askari wa mlangoni kuwa nataka kuingia. Akaniuliza nimehukumiwa miezi mingapi. Kumbe ni jela. Niliondoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli.

Jioni nilichungulia barazani kwa jirani. Wanaume sita. Sinia moja. Nyama katikati, mgawaji hakuna. Wala vita. Nimesikitika sana.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimepata njia. Kesho mpwa wa Bi Mwanaidi anaoa, nami nimealikwa. Nitaigawa nyama mwenyewe, na mpiga picha wa harusi atanipiga picha papo hapo. Picha haitasema mgawaji katoka wapi. Nimemwagiza aitume moja kwa moja kwa Mzee Asheri, asije Eliezeri akadai nimeichezea. Ni nadra mimi kujisifu. Leo nimejisifu mara mbili.

Ijumaa, 5 Agosti

Tuliketi mkekani. Nikatoa kisu, nikaisogeza nyama yote upande wangu, nikauliza mjomba ni yupi. Wakatazamana. Mzee mmoja akasema, hapa wajomba sote tuna njaa, bwana, irudishe. Nikaanza kuwaeleza utaratibu. Nilipokuwa nikieleza, wali ulikuwa ukipungua. Kisha mikono mitano ikaifuata nyama. Mgawaji hawezi kuiachia nyama kabla ya kuigawa. Nikaishika. Hapo ndipo mpiga picha alipofyatua.

Mpishi akaniita uani, akakisifu kisu changu. Nilidhani ni heshima. Nilimenya vitunguu mpaka magharibi.

Nyumbani Bi Mwanaidi alinieleza kwa upole kuwa kwao mgeni husogezewa nyama, hasogezi. Macho yalikuwa yakinitoka machozi. Ya vitunguu.

Jumamosi, 20 Agosti

Mamba. Wiki nzima nimewasimulia wazee jinsi nyama inavyogawiwa Mombasa. Leo bahasha imefika, na Mzee Asheri ameifungua mbele ya baraza. Sinia moja. Wanaume watano wamenyoosha mikono. Mimi nimeikumbatia nyama kama mtoto mchanga. Mzee Asheri aliitazama sana, akasema mimi, Manase, sikukosea yote: vita ipo, ila aliyeileta ni mgawaji.

Eliezeri hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, pole shemeji, wamekuonea, wao watano nawe peke yako. Nimemkabidhi kisu.

Jumamosi, 27 Agosti

Harusi ya Rogathe, binti wa kijijini kwetu. Eliezeri amegawa nyama vizuri, kwa kanuni zangu zote. Shingo kwa shemeji. Kwa upande wake shemeji ni mimi. Shingo ina mifupa mingi mno. Miaka kumi na tisa hakuna aliyeniambia.

Nilipokuwa nikiguguna, alianza kusimulia kwamba Unguja mgeni akishakula hunyunyiziwa marashi kichwani. Mtu mzima anyunyiziwe kama mche wa kabichi! Nimesimama, nikasema mbele ya wote kuwa ni uongo, na nitakwenda kuthibitisha.

Zipora ameshaanza kuchemsha makande. Hakuuliza neno. Kisu nitaazima kwa shemeji.