Shemeji, Njoo Uchukue Gari au Mdogo Wako

Kwako Shemeji Mkubwa,
Msimamizi wa ukoo tangu baba mkwe atutoke, na dereva mstaafu wa mabasi.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA GARI, AU MUME, AU VYOTE VIWILI

Natumaini u mzima na kifua kimetulia. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia rasmi wakati namba yangu ya simu unayo. Sababu ni kwamba kwa simu nilishakueleza, ukacheka. Nikakueleza tena, ukaniambia nishukuru, waume wa wenzangu wana pombe. Mimi ni karani wa shule, shemeji. Nimejifunza kwamba jambo la mdomo linapita na jambo la maandishi linajibiwa. Muhuri wa shule siruhusiwi kuutumia kwa mambo ya nyumbani, lakini wewe chukulia upo hapo chini.

Nianze na historia, ili usije ukasema hukujua. Mdogo wako ni fundi cherehani, tena fundi kweli, katika hilo sitamsingizia. Lakini tangu watu waanze kununua nguo zilizoshonwa tayari, kazi imepoa. Kwa muda mrefu alikuwa akikaa nyuma ya cherehani, mikono magotini, anaangalia barabara. Ukimuuliza neno anajibu "eeh". Chai inapoa mbele yake. Nilifika mahali nikawa natamani hata tugombane, angalau nisikie sauti.

Ndipo mteja wake wa siku nyingi, yule mzee wa suti za kijivu, alipogonga nguzo ya taa na gari lake la mbio. Mzee akatoka mzima, gari likatoka bila pua. Alipokuja kuchukua suti alimwambia mdogo wako, kwa utani, kwamba akiweza kulirekebisha kama anavyorekebisha suruali, basi alichukue. Mwenzangu akasikia "alichukue". Utani hakuusikia.

Gari lenyewe ni jekundu, la viti viwili, na liko chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kuingia hupiga magoti kwanza. Lilikuja likivutwa, likaingizwa chumba cha kushonea kupitia ule mlango mpana wa mbele, na cherehani zikahamia pembeni ukutani. Sasa malalamiko.

1. Nafasi. Boneti ya zamani, ile iliyokunjamana, iko chini ya kitanda chetu na hutoa sauti kila mtu akigeuka. Giaboksi ililala kwenye beseni langu la kufulia hadi juzi ilipopandishwa, na beseni halijarudi katika hali yake. Sanamu la kujaribishia nguo limevaa bampa kiunoni. Mwalimu mkuu wetu alipita kuulizia suruali yake, akakalia tairi la akiba akidhani ni stuli. Nilimwomba radhi. Akasema pamekaa vizuri.

2. Ufundi wenyewe. Mdogo wako hajawahi kutengeneza gari, anajua kitambaa. Kwa hiyo gari analitengeneza kwa sheria za kitambaa. Alilipima kwa futi yake ya kamba kutoka taa hadi taa, huku mimi nimeamriwa niandike: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Sikujua gari lina kiuno. Akalichora chaki ubavuni. Akakata karatasi za mfano, akataka kuzibana kwenye bati kwa pini, na pini zote zikapinda, akazitazama kama zimemvunjia heshima.

Kisha akakata boneti mpya. Na kwa mazoea ya kazi, akaacha nafasi ya mshono. Vidole viwili, shemeji, pande zote. Jirani yetu fundi wa kuchomelea alipoitwa kuifunga, aliizunguka mara kadhaa, mwisho akauliza hizi za ziada pembeni ni za nini. Mdogo wako akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba ni za akiba, ikitokea mwenye nguo amenenepa. Jirani alishindwa kusimama. Alikaa chini palepale na miwani yake ya kuchomelea, machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaliita gari letu Suruali, na mimi nikipita naitwa Mama Suruali. Naomba jina hili lizingatiwe mtakapokuwa mnakadiria machungu yangu.

3. Mama. Samahani kumtaja, ni mama yenu, lakini ukweli lazima usemwe. Kiti cha abiria kilishushwa, kikaoshwa, kikawekwa sebuleni kikauke. Mama akakijaribu. Kina kijiti pembeni, ukikivuta mgongo unalala, na mama kijiti amekwisha kukijua. Hakai tena kwingine. Anakula hapo, anasali hapo, anatoa amri hapo, na wageni wanapokelewa na mtu aliyelala chali kama yuko kwa daktari wa meno. Nikimshtakia mwanawe ananiambia nimwache mtoto acheze. Mtoto ana mvi, shemeji.

4. Harufu ya petroli. Hili nilikuwa nimeliandalia maneno makali, lakini nimeshaizoea. Siku hizi nikifika shuleni naona hewa ina upungufu. Ruka uende la tano.

5. Hili ndilo linaloniuma, na naliandika taratibu. Mimi ni mke wa fundi cherehani. Maana yake sijawahi kununua gauni, na kila gauni nililonalo lilikatwa na mtu anayenijua. Tangu Suruali aingie humu ndani sijashonewa hata leso. Kisha siku moja mwenzangu akaniita, akaniambia nikae kwenye stuli ninyooshe mguu. Akanipima kutoka nyonga hadi kisigino. Akanipima kutoka bega hadi kiganja, mkono ukiwa mbele kama naomba kitu. Akapima hata kutoka nilipokalia hadi usawa wa macho. Sikufichi, nilifurahi. Nilijua ni gauni, tena la mtindo mgeni, maana tangu anioe hajawahi kunipima nimekaa.

Nikaenda hadi kuchagua kitambaa mwenyewe, cha buluu, chenye maua madogo meupe. Nikakiweka juu ya meza yake ya kukatia, mahali ambapo hata kipofu angekigusa. Kesho yake hakipo. Nilipouliza, alijibu bila kuinua kichwa kwamba amekitumia kwenye gari. Kwenye gari! Nikajua kimeishia kufutia grisi. Nililia jikoni. Nilisema ni vitunguu, lakini siku hiyo hatukuwa na vitunguu.

6. Hata faida yenyewe hakuna. Reli za kiti cha dereva zilikatika kwenye ajali, kiti hakisogei mbele wala nyuma, kwa hiyo kilitakiwa kichomelewe mahali pamoja na ndiyo basi. Mdogo wako alichagua mahali mwenyewe, kwa futi na chaki, jirani akakichomelea, kikafunikwa mfuko wa nailoni. Sasa unaijua miguu ya ukoo wenu. Akiingia, magoti yanagonga usukani na kidevu kinakutana na magoti. Nilimuuliza ni fundi gani anayejishonea suruali isiyompita mapajani. Akatabasamu, akaendelea kupiga msasa. Siku hizi anatabasamu sana, na hilo pia nalilalamikia hapa, kwa kuwa sijaelezwa sababu.

Isitoshe, kuendesha hajui. Wewe mwenyewe ulimfundisha mkiwa vijana, akaingiza basi kwenye ua wa watu, akaapa hatashika tena usukani. Mimi pia sijui. Kwenda shuleni naenda kwa miguu na kurudi narudi kwa miguu, miaka nenda miaka rudi, viatu vikinibana navishika mkononi. Kwa hiyo tuna gari la kasi kuliko yote mtaani, katika nyumba ambayo hakuna mtu anayeweza hata kulitoa mlangoni.

7. Hitimisho la hayo yote. Nimefikiri kwa kichwa kilichotulia na nimeona jambo hili lina jina. Linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, mimi naoga ya bomba. Linapakwa nta. Linasuguliwa kwa flana, taratibu, kwa duara. Likilala linafunikwa shuka, na shuka ni langu. Anazungumza nalo, shemeji, yule mtu wa "eeh", nasikia nikiwa jikoni anaeleza habari za klachi kwa sentensi ndefu zenye vituo. Huyo ni mke mwenza. Sikatai mke mwenza kama taratibu zimefuatwa, lakini mimi sikuulizwa. Kwa hiyo naomba ukoo ukae na uamue yafuatayo:

(a) Zamu ziwekwe wazi, na ziheshimiwe.

(b) Kila gari likipakwa nta, nami nipakwe mafuta, kwa flana hiyohiyo au inayolingana nayo.

(c) Ikiwa (a) na (b) zitakataliwa, nipewe kibali cha kugonga nguzo ya taa mimi mwenyewe, kwa mwendo mdogo, ili nami niingizwe chumba cha kushonea, nipimwe, nizungumzishwe na nirekebishwe.

Na kwa kuwa najua vikao vyenu vinavyochelewa, nimechukua hatua. Nimemwandikia yule mzee wa suti za kijivu kwamba gari lake limekaribia kupona na aje alichukue. Mdogo wako sijamwambia. Ninachoomba ni wewe na wazee wawili mfike Jumamosi, muwe mashahidi, na mmshike mikono asije akalikumbatia mbele za watu.

Sitaki makuu. Nataka mume ambaye akinipima, kuna kitu kinafuata.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na yule jirani yako mwenye trekta bovu, mwambie mkewe nipo naye. Mama anakusalimu akiwa amelala chali.

Ni mimi shemeji yako mtiifu, ila nimechoka,
Mke wa mdogo wako,
Karani.

NYONGEZA: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa birika, samahani kwa mikunjo. Mzee wa suti hakungoja Jumamosi. Amekuja leo mchana na gari la kuvuta na minyororo. Mdogo wako hakubisha. Alisema tu kwamba kama aliyeandika ni mkewe, basi lichukuliwe. Akaenda kukaa nyuma ya cherehani, mikono magotini, akaangalia barabara.

Nilipomwona hivyo niliogopa, shemeji. Niliiona ile hali inarudi, na safari hii nimeiita mimi. Sikufikiri. Nikapiga magoti, nikaingia kwenye gari nikafunga mlango, walivute na mimi ndani kama wanaweza. Mfuko wa nailoni ukateleza. Kiti kimevikwa kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe, pembeni kimepigwa ule mshono wake wa mara mbili ambao huuweka kwenye magauni yangu tu. Nikanyoosha mguu, ukafika. Kisigino chini, unyayo kwenye klachi, goti limekunjika kidogo tu. Nikanyoosha mkono, kiganja kikatua kwenye gia. Nikatazama mbele, barabara yote naiona juu ya usukani bila kuinua kidevu. Lilikuwa limeshonwa kwa ajili yangu.

Mzee wa suti nilimwambia kupitia dirishani kwamba nguo haitoki kwa fundi ikiwa mwenyewe ameshaivaa na imemkaa. Akacheka hadi akashikilia minyororo yake, akaondoka. Mdogo wako akaja dirishani, futi shingoni, akaniuliza kwa sauti ileile anayowauliza wateja kama linanibana popote. Nikamwambia hapana, ila boneti ipunguzwe. Ndipo akaniambia kwamba siku zile zote alizokuwa anaangalia barabara, alikuwa ananiangalia mimi nikirudi nimeshika viatu mkononi. Nililia tena, na sikutaja vitunguu.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba yahesabu kama hayakuandikwa, isipokuwa la beseni. Jumamosi usije na wazee. Njoo peke yako, na viatu vya kukimbilia, unifundishe kuendesha. Mama amekubali kiti kirudishwe garini kwa sharti kwamba yeye yumo, na viti ni viwili, kwa hiyo utanielekeza ukiwa nje, kandokando. Mdogo wako hatapanda. Anasema atasimama mlangoni alione kwa nyuma linavyotembea, kwani fundi hajui kama nguo imekaa hadi aione ikiondoka na kurudi.