Tulivyomfundisha Binti Kusema

Mfuko wetu wa Bima ya Afya una furaha kuutangazia umma kwamba huduma za usonji sasa zinalipiwa. Mimi, nikiwa Afisa Uhusiano, ndiye niliyeliandika tangazo hilo. Kulipa hatujalipa, lakini kutangaza tumetangaza, tena kwa weledi mkubwa.

Wa kwanza kutuamini alikuwa fundi cherehani mmoja, mama wa binti mdogo asiyesema. Aliomba tumlipie mtaalamu wa kufundisha watoto kuongea. Mkurugenzi wetu ni mtu wa haki. Hakutaka kuamua bila kumsikiliza mgonjwa.

"Ajieleze mwenyewe," alisema.

"Bosi, haongei. Ndiyo maana tumekuja," alijibu mama.

"Basi ombi halijathibitishwa na mhusika."

Feni ilikuwa ikikwaruza. Binti akaziba masikio, akaangua kilio. Kamati yetu iliyokuwa ikisikiliza ombi ikaafikiana kwamba mtoto ana sauti nzuri tu. Mama akamshika mkono, wakaondoka bila kuaga. Tukamsamehe.

Yule mtaalamu akawahurumia, akamfundisha binti bure, pamoja na watoto wengine ambao nao tulikuwa tumewakataa kwa kufuata utaratibu. Mwaka haujaisha, binti akasema "maji". Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Habari zikatufikia, nasi tukatambua mara moja kwamba kazi hiyo ni yetu.

Tukaandaa hafla. Waziri akaja, kamera zikaja. Mama tulimpigia simu tukamsihi avae vizuri, aseme asante, basi. Alikuja, binti akiwa amejificha kwenye gauni lake kwa sababu ya kelele za vipaza sauti.

Mkurugenzi akakohoa kiheshima. "Mheshimiwa, mtoto huyu ni matunda ya Mfuko. Tunamlipia kila wiki."

Waziri akamgeukia mama. "Ni kweli, dada?"

Mkurugenzi alilowa jasho. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kipara, kisha akatabasamu.

"Kweli tupu, Mheshimiwa. Hata wazazi wenzangu walioko getini, Mkurugenzi amewaahidi hivyohivyo. Wamekuja kumshukuru."

Na kweli walikuwepo, na watoto wao. Mlinzi alikuwa amewazuia ili wasiharibu picha.

"Waingie!" Waziri alishangilia. "Mkurugenzi, wewe ni jembe! Kumbe tunaweza! Basi natangaza: kuanzia Jumatatu, kila mtoto mwenye usonji nchini alipiwe kama huyu. Kuna kikwazo?"

Mbele ya kamera zote zile, kusema kipo kungekuwa kukiri kwamba tumedanganya. Nilianza kupiga makofi, maana ndiyo kazi yangu.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Wazazi walikuwa wamekwisha kujaa ukumbini. Mama akamsogelea kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Hiyo Jumatatu tuje saa ngapi?"