Bosi Hali Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu na mbwa wake, Bosi, mpaka paa la nyumba yake litengenezwe. Bosi anajikuna asubuhi, anajikuna mchana, anajikuna hata akiwa usingizini. Mgongoni pana kipara. Masikio yananuka kama soksi za mlinzi. Daktari wa mifugo amekuja, akamgeuza huku na huku, akasema ni aleji, na mshukiwa mkuu ni kuku. Kuanzia leo Bosi apikiwe nyumbani: nyama ya sungura, kwa kuwa hajawahi kuila, na viazi vitamu. Basi. Asionje kingine hata kwa bahati mbaya.

Mama mkwe akafuta miwani. Akasema amechoka na duka lake la vitambaa, anatafuta wa kumwachia, na mtu anayeweza kumtunza Bosi hawezi kushindwa na duka. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, akakohoa. Yeye ni mwoka mikate, na hukohoa kabla ya kujitolea. Nikamwahi! Nikasema nitapika mimi. Mke wangu akanitazama kwa muda. Kweli, sijawahi kuchemsha hata yai. Lakini duka, jamani! Feni! Kiti cha kuzunguka!

Jumanne, 4 Machi

Kupika ni rahisi, watu hujikweza tu. Nimechemsha sungura. Nikaona hana ladha, nikakata kitunguu, nikashika chumvi. Mke wangu akaacha cherehani yake katikati ya mshono, akaja kunipokonya kisu. Akauliza kama nataka kumponya mbwa au kumzika, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, na daktari alisema hivyo nikiwa nimekaa palepale. Mtu angekumbukaje kila kitu? Tukabishana. Viazi vikaungua. Ndani ya sufuria yake ya harusi. Aliyosema baada ya hapo sitayaandika.

Nikapika upya. Bosi akanusa, akanitazama kama hakimu anavyomtazama shahidi wa uongo, akaenda kulala. Mama mkwe akaguna. Mwanyumba akapiga simu kuulizia hali ya mgonjwa. Mnafiki! Anaulizia hali ya duka.

Jumatano, 5 Machi

Bosi bado amegoma. Nimembembeleza. Nimemwimbia. Nimejifanya nakila mimi (kidogo kilipita kooni kwa bahati mbaya, si kibaya). Mwishowe akili ikanijia. Kijiko kimoja tu cha mafuta ya kuku! Daktari alikataza kuku. Mafuta ni harufu. Nikaengua ya juu ya supu yetu ya jana, nikayatia koponi, nikalificha kopo kabatini nyuma ya unga.

Bosi alilamba bakuli mpaka likateleza hadi mlangoni! Mama mkwe akaniita "mwanangu". Tangu siku ya harusi huniita "huyu".

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Bosi ameamka jicho moja limevimba mpaka limefumba. Masikio mekundu. Anajikuna hadi damu. Mama mkwe ameketi naye sakafuni, amemshika miguu asijiumize. Akaniambia mbwa huyu aliokotwa na marehemu mzee siku ya mvua kubwa, akiwa kitoto, akaletwa nyumbani ndani ya koti. Akasema, "Huyu akiniondokea, nyumba itakuwa kimya kabisa."

Nikataka kusema ukweli. Nikafungua mdomo kabisa. Halafu nikakiona kile kiti kinazunguka.

Daktari akaja, akapiga sindano, akauliza mbwa kalishwa nini kingine. Hapo nikakumbuka kwamba jana mwanyumba alipita kutusalimia. Na mwanyumba ni mwoka mikate! Nikatoka mbio, nikanunua mkate, nikaupukuchua, nikamwaga makombo chini ya mkeka wa Bosi. Kisha nikayagundua mbele ya watu, kwa mshtuko. Nadhani mshtuko ulikuwa mzuri. Nilishika kichwa kwa mikono miwili.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao cha familia, sebuleni. Mwanyumba ameitwa, amekuja na aproni yake na unga kwenye nyusi. Mama mkwe akamwonyesha makombo.

"Umempa mbwa wangu mkate?"

Mwanyumba akachuchumaa. Akaokota kombo, akalibonyeza, akalinusa. Akalionja!

"Mama, huu si wangu. Mimi siweki sukari kiasi hiki. Huu umenunuliwa dukani."

Nikasema sukari huweza kuingia yenyewe. Hakuna aliyeniunga mkono. Wakati huohuo Bosi akainuka, akaja kunilamba vidole kwa mapenzi ya ajabu, kisha akaenda jikoni akaanza kuparura kabati. Nikasema mbwa nao wana mambo yao. Mke wangu akafungua. Unga ukatoka. Kopo likatoka. Akalinusa.

"Mume wangu, hii ni nini?"

Nikasema losheni.

Mama mkwe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Nami nilikuita mwanangu." Akavaa miwani, akatoa hukumu. Duka anapewa mke wangu, ambaye anajua vitambaa kuliko sisi sote. Mwanyumba aombwe radhi. Na mimi niendelee kupika, sungura na viazi, yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda ananitazama mikono.

Nimemwomba radhi mwanyumba. Akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu," akanishika bega. Mtu anasameheje haraka hivyo? Lazima ana lake.

Jumapili, 27 Aprili

Bosi amepona! Kipara kimeota manyoya, masikio hayanuki. Njaa ilimtia adabu, akazoea chakula chake kikavu bila kiungo wala ujanja. Daktari akasema siri ni nidhamu ya mpishi. Mama mkwe alitaka kusema neno, akalimeza. Leo amerudi kwake, chini ya paa jipya. Wakati wa kuaga aliniita kwa jina langu. Si "mwanangu", lakini pia si "huyu". Nimemsindikiza Bosi hadi kwenye gari, na vumbi likaniingia machoni. Ni vumbi tu.

Daktari kanivuta pembeni. Kuna mbwa mwenye aleji ya nyama ya ng'ombe, mali ya mwanasheria mstaafu, anatafutiwa mpishi mwaminifu. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Samaki na malenge, basi. Mbwa kaletwa jioni hii, mkubwa kama kochi. Kanusa bakuli, kageuza shingo.

Mwingine angehangaika. Mimi sasa nina uzoefu. Ng'ombe amekatazwa, na ng'ombe simgusi kabisa.

Lakini samli? Samli daktari hakuitaja.