Bundi Wangu wa Shaba na Ujio wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeumbuliwa na bundi. Tena bundi wa shaba, asiyeruka wala kulia.

Mnaonifahamu mnajua ugonjwa wangu: nakusanya vinara vya mishumaa vya zamani vyenye maumbo ya wanyama. Navipata kwa wauza vyuma chakavu Temeke, navisugua kwa ndimu na majivu mpaka ving'ae. Nina kobe, kuku, nyoka aliyejikunja, tembo aliyekatika mkonga. Na bundi, kipenzi changu. (Mume wangu anauliza kwa nini nisikusanye masufuria kama wanawake wenzangu.)

Asubuhi mume wangu yuko mlangoni anavaa viatu vya kazini, ndipo anakumbuka kuniambia mama yake ameshashuka stendi kutoka Songea. Mama mkwe! Hajawahi kukanyaga kwetu Kimara tangu tuoane. Ni mtu wa sala, na bundi akitua juu ya paa lake hapo hakuna kulala. Nikatazama kabati la sebuleni. Bundi naye akanitazama.

Boksi sina. Nikachukua ungo, nikawapanga wote humo na mishumaa yao iliyoungua nusu, nikafunika kwa kaniki, nikasukuma chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Nikajipongeza kabisa. (Ungo, bundi, kaniki. Mie sikuona tatizo. Na mgeni ndiye analala humo!)

Mama akafika. Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akanywa chai, akasifu mapazia, mambo yakawa mazuri. Kisha akaingia chumbani kubadili nguo, akainama kusukuma begi lake chini ya kitanda.

"Yesu wangu!"

Ile sauti ilifika barabarani. Nilipokimbilia chumbani, ungo ulikuwa katikati ya sakafu, kaniki pembeni, na bundi amekaa mbele ya wenzake kama mwenyekiti wa kikao. Nyuma yangu akaingia jirani yangu, Mama Shadya, na mwiko mkononi.

"Jirani, kumbe usafiri unao na lifti hutupi!"

Watu waliojazana uani kwa ile sauti wakaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alininyooshea kidole.

"Mwanangu ameoa nini?"

Hapo nikaiona ndoa yangu inaondoka na basi la kesho. "Mama, ni vinara vya mishumaa tu! Nakusanya!"

"Sasa umevificha vya nini?"

"Nilikuogopa wewe, mama."

Akaagiza kiberiti. "Washa tuone."

Nikawasha mshumaa kichwani kwa bundi. Mama akasali, jicho moja amelifumba, jingine liko kwa bundi. Bundi akatulia. (Asante sana, bundi.)

Alipomaliza kusali, akautazama ungo, akaitazama kaniki, akanitazama mimi. Mabega yakaanza kumcheza. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mchawi gani mjinga hivi? Wenzako wanaficha ungo, wewe unaficha ndani ya ungo!"

Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Machozi yakanitoka, nami nikacheka. Kinara changu cha kuku mama ameshakichukua, anasema kitapendeza sebuleni kwake Songea. Bundi amerudi kabatini kwa ruhusa yake.

Basi nimeponea kwenye ujinga wangu, na nimeupokea kwa mikono miwili. Ila msicheke kwa sauti, mama yupo hapa pembeni anachagua mchele, kwenye ungo uleule.