Ini Langu na Usukani wa Winchi

Jumatatu, 3 Machi
Leo saa nne asubuhi nimepoteza usukani wa winchi. Miaka kumi na moja angani, sijadondosha hata tofali; nimeteremshwa na kichupa kimoja cha damu. Daktari wa kampuni kasema vimeng'enya vya ini langu ni 130, mwisho 40. Mara tatu na robo. Kauliza pombe, sinywi. Kauliza dawa; nikasema mtu mzima wa afya hana haja ya dawa. Vidonge hakuuliza.
Winchi kapewa Msumari, fundi anayefumba macho hata akiwa juu ya ngazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kuongeza vidonge. Mfamasia, binti wa juzi tu, kataka kujua nameza nini na nini. Vya mgongo asubuhi, vya kichwa mchana, vya mafua usiku. Kapanga boksi tatu kaunterini, kasema baba yangu, hizi zote ni parasetamo, unajaza ini dawa moja kwa majina matatu; acha zote, urudi kwa daktari leo hii. Upuuzi. Kitu kimoja kitauzwaje bei tatu? Na duka gani hufukuza mteja?

Jumatano, 5 Machi
Msumari kaniamkia mbele ya watu, eti shikamoo mzee, ini limeamkaje. Kiwanja kizima kicheko.
Basi. Bomba likichafuka husafishwa. Nimenunua kwa muuza mitishamba chupa ya kusafisha ini. Chungu kama deni. Vidonge naendelea navyo, mgongo haujui habari za ini.

Jumatatu, 10 Machi
310.
Daktari kashika kichwa. Nikamtolea chupa na vidonge. Kasema kila kinachomezwa lazima kipite kwenye ini, mitishamba nayo, na njia ya kulisaidia ni kuliacha lipumzike. Kwa hiyo nimeambiwa nisifanye kitu, na hiyo ndiyo elimu ya chuo kikuu.
Mke wangu kafungia kila kitu kabatini. Kasema hana mpango wa kuwa mjane wa mafua.

Jumatatu, 31 Machi
52. Daktari anatabasamu kana kwamba ini ni lake. Kasema wiki mbili nyingine bila kumeza kitu, ndipo atanisainia.
Hajui hesabu. Nimeshuka 258 kwa siku ishirini na moja, kama kumi na mbili kwa siku. Zimebaki kumi na mbili. Hiyo ni siku moja.
Na ni wazi ile chupa ilifanya kazi, ila ilichelewa kuanza.

Jumanne, 1 Aprili
Nimenunua chupa mbili, kubwa. Moja imekwisha tangu asubuhi. Imeniletea maumivu ya kichwa, nimeyatuliza kwa vidonge vinne kutoka duka lisilo na maswali.
Nimempelekea daktari barua: Kesho nakuja kutolewa damu. Usinizungushe. Winchi ni yangu au ya Msumari? Nataka jibu la ndiyo au hapana, leo, kabla ya saa kumi jioni.