Poda Kabla ya Matokeo

Jumatatu, 19 Mei

Leo nimekuwa mwalimu. Asubuhi nilikuwa kinyozi tu, Gédéon wa Mangobo, Kisangani. Halafu dada yangu Colette akaja kulia kwenye kiti cha kunyolea. Binti yake Plamedie ni finaliste, yuko mwaka wa mwisho wa secondaire, Mtihani wa Serikali umebaki mwezi mmoja, na math haiingii. Bila diplome hakuna chuo kikuu. Na mutoto anataka udaktari tangu akiwa na miaka sita, alipomchoma sindano mbuzi wa jirani.

Nikamwambia afute machozi, encadrement, masomo ya ziada, nitatoa mimi, bure. Akauliza kama nilimaliza shule. Nikajibu kwamba nimefika Kinshasa kwa bateau mara mbili, na Bujumbura pia. Colette alinitazama kuanzia kichwani mpaka ndala. Nadhani ilikuwa heshima.

(Shule niliacha mwaka wa pili wa secondaire. Lakini niliiacha vizuri.)

Jumatano, 21 Mei

Somo la kwanza. Tableau sina, donc niliandika kwa sabuni kwenye kioo kikubwa cha saluni. Wanafunzi watatu: Plamedie na wenzake wa darasa, Khadija na Yannick. Inapendeza, kila mmoja anajiona mwenyewe ndani ya hesabu. Niliandika x. Nikauliza ni nini. Wakasema inategemea. Nikawasifu, nikafunga somo mapema.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la mjomba wake, Maître Paluku naye anatoa encadrement. Ana licence ya chuo kikuu, tableau ya kweli, na shati lililopigwa pasi hata ndani ya kola. Wanafunzi arobaini wanaandika kimya kama watu walio kwenye foleni ya daktari. Aliniita kinyozi. Nimeiweka moyoni.

Ijumaa, 23 Mei

Mpango. Nilikaa nyuma ya ukuta wa baraza lile, nikajifanya natengeneza redio, nikaandika majibu yote ya Paluku. Swali la 1, b. La 2, d. La 3, b tena. Ukurasa mzima. Nikawapa watoto wangu wakariri.

Plamedie akauliza: tonton, maswali yenyewe iko wapi? Nikasema maswali yatakuja siku ya mtihani, hiyo ni kazi ya Serikali. Khadija alicheka mpaka akaegemea kioo na kufuta x. Plamedie hakucheka. Alisema taratibu kwamba akianguka mtihani, mama yake atampeleka Isangi kuuza samaki na shangazi, na anajua hatarudi.



Jumatatu, 26 Mei

Nilikiri kidogo. Nilisema math yangu imeshika kutu. Bon, Plamedie akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, akanifunga kitambaa shingoni kama mteja, akasema sasa wao ndio watanifundisha mimi, na sitoki mpaka nielewe. Ilikuwa saa tisa. Saa kumi na mbili nilikuwa bado pale.

Niliuliza kwa nini x inahamia upande wa pili, nani ameifukuza. Yannick akaenda kutafuta jibu kwenye kitabu. Akarudi nalo. Nikasema sijaelewa. Khadija naye akaeleza. Sijaelewa. Mteja aliyenyolewa nusu akasema yeye ameelewa, tumwache aende nyumbani.

Jumamosi, 7 Juni

Kila siku vile vile. Dérivée, hesabu ngumu kuliko zote, nimeelezwa mara kumi na moja. Sasa Plamedie anaieleza bila daftari, huku akitwanga majani ya pondu. Ila x jana ilikuwa 4 na leo ni 7. Nimewaomba waamue.

Paluku alikuja kunyolewa. Alisoma hesabu zote kwenye kioo. Akasema kwake wanaandika vizuri sana, lakini hakuna anayeuliza kitu. Nilimnyoa polepole, kwa huruma.

Alhamisi, 19 Juni

Mtihani umekwisha. Nilisubiri langoni na kopo zima la poda, ile ya shingo za wateja. Kwetu aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, siku matokeo yanapotoka. Hilo nalijua. Lakini Plamedie alitoka akitabasamu, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Mweupe mpaka nyusi. Alisema alikuwa anatabasamu kwa sababu amesikia harufu ya makemba, zile ndizi za kukaanga.

Kwenye avenue yetu majirani walimwona, wakaanza kupiga sufuria. Colette alitoka akicheza, mama wa watu, mpaka akakumbuka kwamba matokeo ni mwezi ujao. Majirani walikuwa wamekwisha kukaa. Walikula kuku wawili. Colette alinivuta pembeni: mutoto akianguka sasa, avenue nzima itasema tulidanganya, na mimi nisipite tena mlangoni kwake.

Jumapili, 6 Julai

Colette bado hasemi nami. Plamedie anakwenda kuchota maji kwa njia ya nyuma, foulard kichwani, maana watu wanamwita docteur na kumwonyesha vidonda vyao. Nilienda misa. Padri alifurahi, akauliza nani amekufa.

Alhamisi, 17 Julai

Matokeo. Plamedie alishika simu, akashindwa kuangalia, akanipa. Asilimia 64. Nilisoma mara tatu. Colette alikaa chini, juu ya nywele za wateja, akalia. Akamuuliza binti yake imewezekanaje. Plamedie akasema: tonton hakuelewa hata siku moja, donc nililazimika kuelewa kwa ajili ya watu wawili.

Khadija na Yannick wamefaulu pia. Alama zao sikuziona vizuri. Macho yalikuwa na maji.

Ijumaa, 18 Julai

Paluku amevuka barabara. Kati ya arobaini wake wamepita kumi na tisa. Akaniomba, kwa adabu, mwaka ujao nikae mbele ya wanafunzi wake saa moja kila siku, nisielewe. Akasema kichwa kama changu hajakiona Kisangani nzima. Bujumbura hawakuwahi kuniambia neno zuri namna hiyo. Nimeagiza kibao: PROF GÉDÉON, ELIMU NA NYWELE.

Alasiri Plamedie alipita na fomu za chuo kikuu. Udaktari, miaka mingi. Alikuwa anatabasamu. Kopo lilikuwa karibu.

Nimemmwagia poda ya udaktari.

Majirani wameanza sufuria. Colette anakuja mbio, na safari hii hachezi, ana ufagio. Naandika haraka.